Sentimita Kumi za Mjomba

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na karakana bado ina harufu ya gundi. Sisi huku hatujambo.

Nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba zile kuta za mbao nyembamba zinazotugawa ofisini, ambazo ulipoziona ulisema zimejengwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula, zinabomolewa. Makao makuu wamekubali tuweke kuta za vioo. Kwa kuwa mimi ndiye msuluhishi na mkuu wa ofisi, wameniachia nichague aina ya kioo na nichague fundi. Fundi nimeshamchagua, na ombi langu ni kwamba asikatae.

Kazi yenyewe si kubwa. Ofisi ni ule ukumbi uleule unaoujua. Wapangaji na wenye nyumba wanakuja kugombana mbele yangu mpaka wanachoka, kisha wanapatana. Tunahitaji ukuta mmoja mbele ya chumba changu na mwingine mbele ya chumba cha mashauri. Nimepewa vipande vitatu vya mfano, nimevipanga dirishani: kimoja cheupe kabisa kinachoonyesha kila kitu, kimoja chenye ukungu ambacho mtu akisimama nyuma yake anabaki kivuli, na kimoja cha rangi ya chai iliyokolea. Mimi nataka cheupe, kuanzia sakafuni hadi darini, pote pawili.

Wapo waliotaka tuite kampuni kubwa. Nimewaambia kampuni kubwa haikunilea. Kila nikishika kipande cha kioo nakumbuka kwamba madaftari yangu yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, yalitoka kwenye madirisha ya watu uliyoyafunga wewe. Nimechelewa sana kusema asante, basi naisema kwa kukupa kazi.

Nijibu kwa barua, najua hupendi simu.

Mpwa wako,
Vidole

*

11 Februari

Vidole mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila asubuhi kabla yako.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, na mara ya tatu nikakaa. Nikuambie ukweli, tangu mvua zilizopita sijapata kazi kubwa zaidi ya kioo cha kabati. Watu wananunua madirisha yaliyokwisha kutengenezwa, yanakuja na fremu yake. Nilikuwa nimeanza kufikiri kuigawa karakana nipangishe nusu. Sasa nimefagia. Asante, mwanangu. Hukatai kazi ya mtu uliyemfuta pua, lakini ni raha kuombwa.

Ila nikukosoe kabla hatujaanza. Kwanza, habari ya kwamba mimi sipendi simu umeitoa wapi? Mimi napiga, wewe hupokei. Ukipokea unasema ndiyo, ndiyo, halafu unakata. Umekuwa mkubwa, sawa, lakini mjomba hana cheo cha kukaa kwenye foleni.

Pili, kioo cheupe pote pawili, kuanzia chini hadi juu? Nimefunga ofisi nyingi. Mkuu anayetaka kioo kitupu mara nyingi anataka kuwachunga watu wake kama mbuzi. Watu wakitazamwa kutwa hukaa wima kama mishumaa na kazi haiendi. Sikukulea uwe hivyo. Fikiri tena.

Tatu, kioo hakichaguliwi mkononi. Fanya nilivyofanya siku zote: funga kamba pale ukuta utakaposimama, tundika nailoni nyeupe inayoonyesha siku mbili, halafu tundika karatasi siku mbili. Nailoni ndiyo kioo cheupe, karatasi ndiyo ukungu. Ishini humo. Miili yenu ndiyo itakayochagua.

Nne, nipe upana tu, kwa kwenda juu fremu inajulikana. Pima chini, katikati na juu, uniandikie ulio mdogo kuliko yote. Tumia ile tepu yangu niliyokupa. Usisahau imekatika kichwa, inaanzia kumi. Na pima kwa utulivu, maana kioo hiki kinakatwa kwanza ndipo kinachomwa kiwandani kiwe kigumu. Kikishachomwa hakikatwi tena wala hakiongezwi, hata unene wa ukucha.

Mjomba wako,
Fundi

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umenisema, na ningekuwa mdogo ningenuna. Lakini ulisema tundika, nikatundika, na sasa lazima nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku mbili za nailoni zilikwenda vizuri. Siku ya kwanza ya karatasi alikuja bibi mmoja mpangaji pamoja na mwenye nyumba wake. Niliwaacha waketi chumba cha mashauri, mimi nikawa nimesimama upande wa pili wa karatasi nikitafuta jalada. Bibi akaniuliza kitu. Nikajibu, "Ndiyo, mama, hilo halina shida." Nilipozunguka nikamkuta bibi analia. Alikuwa ameniuliza kama ni kweli anatakiwa kuhama kabla ya mwisho wa mwezi.

Mjomba, sisikii. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu. Daktari anasema ni mishipa na haitarudi. Nikiuona mdomo wa mtu ninamwelewa vizuri kabisa, mpaka mtu hawezi kujua. Nisipouona ninabahatisha. Ndiyo maana kwenye simu nasema ndiyo, ndiyo. Ndiyo maana nakuandikia. Hupendi simu wewe? Mimi ndiye nisiyeiweza.

Sitaki kioo cheupe ili niwachunge watu. Nakitaka ili nibaki kazini. Kazi yangu ni kusikiliza, hakuna nyingine. Wakijua, watanihamishia stoo ya majalada, nikae na makaratasi yasiyosema. Yule bibi nilimwomba radhi, shauri likaisha vizuri na hahami. Lakini usiku ule sikula.

Kilichonishangaza ni wafanyakazi wangu. Nilijua watataka ukungu, nani anapenda kuonekana kutwa? Nikajiandaa kwa mapambano. Nilipowauliza, wote watatu wakasema cheupe. Wanadai wanapenda mwanga. Nilishukuru mpaka nikaona haya, kwa sababu wanakubali kukaa hadharani kwa ajili yangu na hawajui.

Vipimo ni hivi. Ukuta wa chumba changu, sentimita mia tatu na kumi na mbili. Chumba cha mashauri, mia mbili na themanini na tano. Nimepima mara tatu kwa tepu yako.

Tafadhali siri hii ibaki kwako.

Vidole

*

2 Machi

Mwanangu,

Nisamehe. Nilikufananisha na mchunga mbuzi, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukipotea.

Tangu barua ifike nakumbuka jambo moja. Ulikuwa na miaka minane, unaketi mwisho wa benchi langu na daftari lako. Kioo kipya kikifika nilikuwa nakigonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu ndogo, nisikilize kama kina ufa usioonekana. Ukaanza kunitangulia. Hujainua hata kichwa, unasema, "Hicho kibovu, mjomba." Nami nautafuta ule ufa mpaka nauona, mwembamba kama unywele. Nilikuwa nawatambia mafundi wenzangu kwamba nina mashine ya kusikia vioo. Nimelikumbuka hilo nikalia, na sioni sababu ya kukuficha.

Kioo ni cheupe, pote pawili. Nimeshapeleka oda kiwandani. Vipimo vyako nimeviweka sawa, ile tepu naijua kuliko wewe. Nitakuja mwenyewe kufunga, goti lipende lisipende.

Kuhusu siri, nitaitunza. Lakini wewe unakufa na tai shingoni, na mficha maradhi kilio humuumbua. Hao watu waliokubali cheupe waambie. Nakushauri tu, sikulazimishi.

Mjomba wako,
Fundi

*

9 Machi

Mzee Fundi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni katibu muhtasi wa mpwa wako, meza yangu iko mkabala na mlango wake. Barua zenu ndizo ninazozipeleka na kuzichukua posta, kwa hiyo anwani yako nimeikariri. Sijawahi kufungua hata moja, naomba uniamini.

Nakuandikia bila yeye kujua. Mzee, mama yetu hasikii vizuri. Sisi tunajua tangu mwaka juzi. Simu ikilia mezani kwake ninainuka mimi, na akiniuliza mbona nimepokea, nasema nilidhani ni yangu. Mhasibu ana sauti ya mbu, amejifunza kuongea akiwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha. Mtunza majalada alikisogeza kiti cha mama kikaelekea mlango, akasingizia mchwa. Hatujawahi kumwambia, kwa sababu anajitahidi sana tusijue, na sisi tunamheshimu.

Alipotuuliza kuhusu vioo, ukweli ni kwamba wote tulitaka ukungu. Mhasibu baada ya chakula cha mchana husinzia dakika kumi mdomo wazi. Mtunza majalada huongea peke yake. Mimi huvua viatu. Lakini tulikaa pembeni tukasema, asipoona midomo yetu tumempoteza. Tukamwambia tunapenda mwanga.

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa sijui hata kupanga tarehe. Mama wa mhasibu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa akishika zamu hospitali. Hatuna namna ya kumlipa.

Sasa shida ni hii. Akiinamia majalada hakuna anayempata. Tukigonga mlango hasikii. Huwa naangusha jalada zito sakafuni atikisike, halafu najifanya mzembe. Mkaguzi wa makao makuu atakuja tarehe nane Aprili kuona vioo. Mara ya mwisho alimwita mama mara tatu, mama akiwa amempa mgongo. Nilimwambia mkaguzi kwamba mama akifikiri hata radi haimtoi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na sijui aliandika nini. Naogopa safari hii ataandika zaidi.

Wewe ni fundi. Hakuna kitu cha kufunga ambacho kitamwita bila kumwaibisha?

Wako mtiifu,
Katibu Muhtasi

*

15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimekuamini, na barua yako nimeikunja nikaiweka pamoja na vyeti vyangu.

Siri yako ninayo na yake ninayo. Nimekuwa kabati lenye milango miwili, na sitafungua hata mmoja. Ila natamani siku nitakayokuja kufunga vioo niwakusanye nyote kwenye chumba kimoja niwafungie hadi mwambiane.

Nimefikiria taa, lakini taa inayowakawaka ofisini kila mtu atauliza ni ya nini. Kioo nacho ukikigonga kinalia lakini hakimfikii mtu. Bado natafuta. Nimezeeka kwenye kazi hii na sijawahi kushukuru watu nisiowajua kama ninavyowashukuru ninyi.

Fundi

*

24 Machi

Mwanangu,

Niliondoka ofisini kwako jana bila kuaga na chai yako nikaiacha mezani. Sikuweza kukutazama.

Nimerudi nyumbani nikazitoa barua zako nikasoma upya, nikaelewa. Tepu ile inaanzia kumi. Mtu akipima, lazima atoe kumi. Uliniandikia mia tatu na kumi na mbili, nami nikasema huyu hakutoa, nikatoa. Kumbe ulikuwa umeshatoa. Kioo chako kimetoka mia tatu na mbili na kile cha mashauri mia mbili na sabini na tano, na vyote vimeshachomwa. Nilipokisimamisha kile cha kwanza nikauona ule uwazi kati ya kioo na ukuta, upana wa kiganja, nilivikaza vyote viwili bila kuinua kichwa.

Fundi hupima mwenyewe. Mimi nilisingizia goti na safari. Miaka arobaini nawaambia watu usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa mimi nimejenga ukuta nikaacha ufa. Umewakatalia kampuni kubwa kwa ajili yangu, mbele ya watu wako, na mkaguzi anakuja. Nitaagiza vingine kwa gharama yangu, ingawa kiwanda kinasema haviwezi kufika kabla ya mwisho wa Aprili. Kama ungependa kumwita fundi mwingine amalizie, sitalaumu.

Mjomba wako

*

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hukusaini "Fundi". Usirudie tena.

Kosa ni la nani? Nani alinifundisha, nikiwa sijui hata kuandika jina langu, kwamba tepu hii huwezi kuisoma bila kutoa kumi? Nilitoa bila hata kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Ilikuwa juu yangu kukuandikia kwamba nimeshatoa. Wewe ulinidhania mtoto bado, mimi nilikudhania unajua nimekua. Tugawane, tano zako, tano zangu.

Vioo vyenyewe ni vizuri mno. Asubuhi mwanga unafika mpaka kwenye kabati la majalada, ambako haujafika tangu jengo lijengwe. Naona kila mdomo. Siku nne hizi sijabahatisha hata neno moja, na jioni kichwa hakiniumi. Nimegundua kuwa nilikuwa nachoka sana. Mjomba, hilo ni lako, na upana wa kiganja hauliondoi.

Usiagize vingine. Katibu muhtasi wangu ameshaanza kunipitishia barua kwenye ule uwazi, anasema ni dirisha la posta. Njoo uuzibe na chochote ulicho nacho. Sitaki fundi mwingine.

Mkaguzi ni tarehe nane. Naogopa, lakini si kwa sababu ya vioo.

Vidole

*

1 Aprili

Vidole,

Nakuja Ijumaa, na hii si mzaha wa tarehe moja.

Naleta mbao ya benchi langu. Ndiyo, lile benchi. Lina urefu wa kutoka sakafuni hadi darini na kuzidi kidogo, mbao ya pembeni upana wake ni sentimita kumi kamili, na kwa sasa silihitaji lote. Ule upande uliokuwa ukiketi bado una alama za wino wako. Nitausimamisha huo chumbani kwako, na wa pili chumba cha mashauri.

Meza yako nitaisogeza mpaka iguse ile mbao, kisha nitaikaza kwa parafujo mbili. Usiniulize kwa nini. Nimefanya kosa moja kubwa kwenye kazi hii na sasa hivi, nikiwa nimeegemea benchi huku jirani anapiga nyundo upande wa pili wa benchi hilohilo, nimeona lilikuwa la nini.

Fundi

*

10 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo.

Ulipoondoka Jumamosi nilidhani umezeeka. Meza imekazwa ukutani kama ya mfungwa, nikasema basi, ndivyo anavyotaka. Sasa nikusimulie jana na juzi.

Mkaguzi alifika saa nne, nusu saa kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimeinamia shauri la mabomba, mgongo umepinda, dunia imefungwa. Ghafla viwiko vyangu viliitwa. Sijui niseme vipi. Meza iliongea mikononi mwangu, mara moja, kwa nguvu. Nikainua kichwa. Katibu muhtasi alikuwa amesimama nje ya kioo, kifundo cha kidole bado kiko kwenye mbao yako, na nyuma yake mkaguzi.

Na nyuma ya mkaguzi, mjomba, kwa kioo kile cheupe niliwaona wote. Mhasibu amesimama. Mtunza majalada amesimama na jalada kifuani. Hakuna aliyekuwa akimtazama mgeni. Walikuwa wananitazama mimi, kuona kama nimesikia. Nikayaelewa yote kwa mara moja: simu zinazopokelewa na jirani, majalada yanayoanguka, mchwa ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaona. Walijua. Siku zote hizo nilidhani ninawaficha, kumbe wao ndio walionificha.

Nilipiga moyo konde. Mkaguzi alipoketi nikamwambia, "Samahani, naomba usogeze kiti upande wa dirisha. Sisikii vizuri, ninakuelewa nikikuona mdomo."

Alifungua daftari lake akarudi kurasa za nyuma, akasoma, akakata mstari mmoja kwa kalamu. "Basi mwaka jana hukuninunia," akasema. Kisha akasogeza kiti hadi kwenye mwanga. Tukapitia majalada mpaka saa nane. Nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshayavulia maji nguo na sharti niyaoge, kama nitahamishwa. Aliweka mkono juu ya rundo lile, akahakikisha ninamtazama. "Humu mna watu mia mbili na kitu," alisema. "Wamelalamika juu ya kila kitu duniani. Hakuna hata mmoja aliyesema hukumsikiliza."

Nabaki, mjomba. Simu itahamia rasmi kwa katibu muhtasi, na barua yake ya kazi itaandikwa upya ili ahesabiwe kwa hilo. Alinikiri kwamba alikuandikia. Usimkasirikie kwa kuvunja siri, nilimshika mkono nikakataa kuuachia mpaka aseme.

Jana asubuhi niliwaita wote chumba cha mashauri nikawashukuru. Nilikuwa nimeandika maneno, sikuyasoma. Nilisema asante tu, na machozi yakamaliza. Mhasibu akasema, kwa ile sauti ya mbu, ambayo sasa najua umbo lake, kwamba kwa kuwa mambo yamekuwa wazi, anaomba kipande kidogo cha karatasi ya ukungu pale usawa wa kiti chake, saa saba hadi saa saba na dakika kumi. Nimemkubalia. Katibu naye sasa anavua viatu mbele ya watu.

Makao makuu wameuliza kama ile mbao ipakwe rangi ifanane na fremu. Nimekataa. Nimeanza kuwajua kwa viwiko. Katibu anagonga mara moja, kama mtu anayepiga muhuri. Mtunza majalada mara mbili, ya pili anaijutia. Mhasibu hata kugonga ananong'ona. Nilidhani ile mashine yako ya kusikia vioo imekufa, kumbe imeshuka tu mikononi.

Tepu nimeibakiza kwangu. Nimeandika juu yake kwa wino usiofutika: *Kumi imetolewa?*

Ukija mwezi ujao kukaza parafujo, usiniite jina na usimwombe mtu akutangulie. Pita tu hadi kwenye mbao, ugonge vile ulivyokuwa ukigonga kioo, mara tatu ndogo. Sitainua kichwa haraka. Nitakaa kidogo kwanza, nijue kuwa ni wewe.

Wako mwenye shukrani,
Vidole